Swali la Ishirini na Tatu

Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025

Maoni kumi na moja! Nimewasilisha mistari arobaini ya programu, nimerudishiwa maoni kumi na moja. Mimi, Clement Sanga, niliyesahihisha madaftari ya hisabati kwa miaka thelathini na sita, leo nimesahihishwa kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Na nani? Sarah. Ana miaka ishirini na sita.

Niandike kwa utaratibu. Nilistaafu ualimu mwaka juzi. Nikakaa nyumbani nikilinda kuku wa mke wangu, Severina. Kuku hawana nidhamu. Nikajifunza kutengeneza mifumo ya kompyuta, nikapata cheti, na Machi mwaka huu nikapokewa kuwa mwanagenzi katika kampuni ya Asukile, iliyo ghorofani hapa Mwanjelwa, juu ya duka la magunia na kamba. Kazi yetu ni ya upande wa seva, ule usioonekana: mtu anabonyeza simu huko aliko, sisi ndio tunaoamua jibu litoke wapi. Kazi ya heshima. Inafanana na ualimu, ila haina kengele.

Asukile nilimfundisha kidato cha pili. Alipata thelathini na moja kwa mia. Nilimwandikia: Ongeza bidii. Ameongeza.

Wanagenzi tuko wawili, mimi na Andendekisye, kijana kutoka Rungwe. Ajira ni moja: ofisi mpya ya Iringa, itakayofunguliwa mwishoni mwa mwezi. Uamuzi utatolewa Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 20. Nikikosa, narudi kwa kuku.

Sheria ya kampuni ni kwamba hakuna kinachoingia kwenye seva kabla Sarah hajakikagua na kukiidhinisha. Ndiyo hayo maoni kumi na moja. Kila moja lilianza na shikamoo. Shikamoo Mwalimu, samahani, jina hili halielezi kilichomo. Shikamoo Mwalimu, hapa umefanya kazi ileile mara mbili. Nikaitikia marahaba mara kumi na moja, kwa maandishi, kwa sababu salamu haiachwi bila jibu. Lakini nimegundua jambo. Oni la kwanza lilikuwa refu na kali. La tano lilikuwa sentensi moja. La kumi na moja lilisomeka hivi: "Shikamoo Mwalimu. Hapa pia, lakini basi."

Shikamoo zinamchosha. Nimeliandika hili kwa wino mwekundu.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Baridi kali. Nimekwenda kazini na koti la mazishi.

Andendekisye anauliza maswali. Anauliza mbele za watu, bila haya, na hakuna anayemkemea. Leo asubuhi amemuuliza Sarah faharasa ya kanzidata ni kitu gani. Kanzidata ndiyo ghala letu la taarifa. Mtu anayefanya kazi hii bila kujua faharasa yake ni kama karani asiyejua kabati liko wapi. Nilimwonea huruma. Sarah alimweleza kwa dakika kumi, akamchorea na mchoro. Nilisikiliza kwa sababu nilikuwa jirani tu. Mchoro niliunakili ili niweze kuukosoa baadaye.

Hapo ndipo wazo lilipozaliwa. Asukile anataka kujua nani yuko tayari kwa Iringa. Hana ushahidi. Mimi nitampa.

Nimechora jedwali kwa rula. Safu ya kwanza: namba ya swali. Ya pili: saa. Ya tatu: swali lenyewe, kwa maneno ya mwulizaji, ili asije akakana. Juu nimeweka majina mawili, Andendekisye na Clement. Kufikia saa kumi na moja jioni Andendekisye alikuwa na maswali kumi na moja. Clement, sifuri.

Severina ameliona jedwali wakati wa kula. Ameuliza kama kweli mwezi mzima sijauliza swali hata moja. Nimemjibu kwa fahari kwamba ni miezi mitatu.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Dunia imepinduka!

Nilisubiri hadi saa nne, maswali yalipofika kumi na saba, nikamkabidhi Asukile jedwali likiwa ndani ya bahasha. Alilisoma akiwa amesimama. Akalisoma tena akiwa ameketi. Akamwita Andendekisye, nami nikarekebisha tai yangu.

Akamsifu! Mbele ya wote alisema kwamba tangu kampuni ianze hajaona mwanagenzi anayekua haraka namna hii, na kwamba maswali ya jana na ya leo yamepangika kuliko mtaala wa chuo. Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa upole kama safu yangu haijajazwa bado. Nikamwambia imejazwa. Sifuri ni tarakimu kamili.

Akalibandika jedwali ukutani, juu ya birika la chai, akaniomba niendelee kulijaza kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri. Sarah akacheka ndani ya kikombe.

Baadaye Asukile akatoa mtihani wenyewe. Kila mwanagenzi achague kasoro moja katika mfumo wa wafugaji wa Usangu, airekebishe mwenyewe, na hiyo ndiyo itakayomfikisha Iringa au kumwacha Mbeya.

Mfumo huo ni rahisi kueleweka. Wafugaji wa bonde la Usangu wameorodheshwa: jina, simu, idadi ya mifugo. Siku ya chanjo ikikaribia, kila mmoja hupelekewa ujumbe wa kumwita kwenye josho, na wachanjaji hubeba dawa kulingana na orodha. Wameorodheshwa watu 3,118.

Nimeipitia orodha mchana kutwa. Nilichokiona kimenikosesha hamu ya chakula. Watu 1,204 wanatumia simu 287! Namba moja inaonekana mara nne. Nyingine mara sita. Namba moja, na hii nimeipigia mstari, ina majina kumi na moja. Kumi na moja! Katika shule yangu, watahiniwa kumi na moja wenye namba moja ya mtihani wangefukuzwa wote pamoja na msimamizi.

Nimepata kasoro yangu. Iringa, nakuja.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Nimeandika programu ya usafi. Ni fupi na haina huruma. Inapita kwenye orodha, inatafuta kila namba ya simu iliyorudiwa, inambakiza mtu mmoja tu na kuwafuta waliobaki. Nani abaki? Nilitafakari muda mrefu. Nimeamua abaki wa kwanza kwa mpangilio wa alfabeti. Alfabeti haina upendeleo.

Sarah husema kwamba kila programu iandikiwe jaribio. Sawa. Nimejitungia wafugaji kumi, wawili nikawapa namba moja, nikaiendesha. Mmoja akafutwa, wakabaki tisa. Jaribio limefaulu mara ya kwanza. Vijana hawa huhangaika na majaribio siku nzima kwa sababu hawajui kujitungia maswali mepesi.

Saa nane Andendekisye alileta chai, akasimama nyuma yangu, akasoma kioo cha kompyuta yangu bila kualikwa. Halafu, kama kawaida yake:

"Mwalimu, na kama simu ni ya nyumba nzima?"

Nilimjibu kwamba mtu mzima ana simu yake. Mimi ninayo. Severina anayo. Yeye Andendekisye anazo mbili. Akasema kwao Rungwe bibi yake hupigiwa kwa mjomba. Nikamwambia sikumwuliza habari za bibi yake. Kisha nikaenda ukutani, nikajaza jedwali kwa utulivu. Namba: 23. Saa: 8:10 mchana. Swali: Na kama simu ni ya nyumba nzima?

Yeye kwa mtihani wake amechagua kurekebisha ujumbe unaochelewa. Kazi ndogo. Tena amempigia simu mfugaji mmoja kumuuliza ujumbe humfikia saa ngapi. Anauliza hata wateja!

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Ushindi.

Mpango wangu ulikuwa huu. Sarah akikagua akiwa ameketi peke yake, anapata nguvu. Kwa hiyo sikumtumia kazi yangu na kuondoka. Niliituma saa mbili kasoro dakika tano, kisha nikaenda mezani kwake, nikasimama.

Sarah amelelewa vizuri. Mzazi akisimama, yeye haketi. Alisimama. Meza yake ni fupi, kwa hiyo ilimbidi asome akiwa ameinama, mkono mmoja mezani, chai yake inapoa. Mimi sikuwa na haraka. Nilimsimulia mkaguzi wa elimu aliyewahi kuja shuleni kwetu mwaka 1998. Ni hadithi ndefu.

Katikati ya hadithi akauliza kama nimekwisha kuijaribu programu hii kwenye nakala ya kanzidata kabla ya kugusa yenyewe. Nikamwambia kwamba katika miaka thelathini na sita sikuwahi kujaribu chaki kwenye ubao wa jirani. Akauliza kama nimezungumza na wafugaji. Nikamkumbusha kwamba mama yake mzazi, Catherine, nilimfundisha hesabu za sehemu, na kwamba tunasali parokia moja, na kwamba Jumapili nitamsalimia.

Akaomba dakika tano. Akaandika kitu kwenye kioo kingine, sikujali ni nini. Halafu akabonyeza kitufe cha idhini, akasema shikamoo, akaenda kupasha chai moto.

Saa tatu na robo niliiendesha. Sekunde mbili! Watu 917 wakaondoka, wakabaki 2,201. Asukile alikuwa Iringa kukagua chumba cha ofisi. Nilimpelekea ujumbe: Kanzidata safi. Akajibu kwa alama ya dole gumba.

Jioni nimemweleza Severina aanze kufikiria atamwachia nani kuku.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Baada ya misa nilimsalimia Catherine kama nilivyoahidi. Nikamsifia binti yake. Catherine akasema binti huyo alirudi Ijumaa amenuna, hakula. Uchovu, nikamwambia. Vijana hawajazoea kusimama.

Nikawasimulia wanajumuiya jinsi nilivyonasa wafugaji 917 wa hewa. Walishangaa sana. Mzee mmoja akauliza kama ninafanya kazi ya polisi. Sikukanusha kwa nguvu.

Njiani Severina akasema kwamba simu ya mama yake, mama mkwe wangu Kalista, anayefuga ng'ombe wawili wa maziwa kule Iringa, hutumiwa na majirani watatu. Nikamweleza kwamba hilo ni jambo tofauti kabisa. Akauliza tofauti yake. Nikamwonyesha mawingu.

Jumanne, tarehe 17 Juni

Leo ilikuwa siku ya chanjo Usangu. Simu za ofisi zimeanza kulia saa moja na nusu asubuhi na hazijanyamaza.

Wa kwanza alisema hajapata ujumbe. Wa pili alisema kapata ujumbe lakini unamwita mke wa kaka yake. Wa tatu alisema wachanjaji wamefika na kijisanduku kidogo mno, ng'ombe wamefungiwa zizini tangu alfajiri bila malisho, na madaktari wa mifugo wanasema orodha ndiyo orodha.

Sikutetereka. Waliofutwa ni 917, na kufikia saa sita waliopiga kulalamika walikuwa kama mia. Nani analalamika akifutwa? Aliyekuwa akidanganya! Niliwaeleza mmoja baada ya mwingine kwamba waende wakanunue simu zao wenyewe, kila mtu na namba yake, kama raia wengine. Mama mmoja akaniuliza ataisomaje. Nikamwambia elimu ya watu wazima ipo.

Saa saba Sarah akaja mezani kwangu. Akaniamkia. Akaniamkia tena. Kisha akasema kwamba tuwarudishe. Nilikataa. Mtihani ni wangu, na anayefuta jibu lake mwenyewe kabla ya kusahihishwa ni mjinga.

Asukile yuko njiani kutoka Iringa. Amepiga simu mara moja, akasema maneno matatu, "Mwalimu, usiguse chochote." Nadhani anataka kazi yangu ibaki kama ilivyo ili aikague vizuri.

Jumatano, tarehe 18 Juni

Nimedhalilishwa. Nitaandika hata hivyo.

Saa nne alipanda ngazi mzee mrefu mwenye fimbo, shuka limekunjwa begani, na nyuma yake mwanawe. Mzee aliitwa Maganga, wa Usangu, na mwana aliitwa Nashoni. Walipanda basi la kwanza. Mzee akauliza ni nani aliyewafuta watu wake. Ofisi nzima ikatazama kompyuta zake. Nikasimama.

Tukatazamana. Mimi nilikuwa nasubiri shikamoo. Yeye pia. Nywele zangu ni nyeupe pembeni. Zake ni nyeupe zote, na nyusi. Ikanibidi nitoe mimi. Akaitikia marahaba kama mtu anayepokea chenji yake.

Akaketi bila kualikwa. Nashoni akaeleza. Ile namba yenye majina kumi na moja ni ya kwao. Mzee, wake zake watatu, wana sita, na mkwe aliyeolewa mwaka jana, kila mmoja na ng'ombe wake. Simu ni moja, inakaa kwa Nashoni, kwa kuwa ndiye anayesoma vizuri na ndiye anayekwenda kijijini kuichaji. Ujumbe ukija, anapita nyumba kwa nyumba kumsomea mwenyewe. Ndivyo karani alivyowaandikisha, ndivyo walivyochanja mwaka jana.

Alfabeti ilikuwa imembakiza Holo. Huyo mkwe. Ana mtamba mmoja. Jana wachanjaji walifika kwa Maganga na dawa ya mtamba mmoja. Idadi ya ng'ombe waliobaki zizini hakuitaja, maana wafugaji hawaitaji, lakini Nashoni alitazama dari kwa muda.

Nilimweleza mzee kwa ufasaha kuhusu usafi wa kumbukumbu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza:

"Mwalimu, darasa lako lilikuwa na watoto wangapi?"

Nikasema sitini na wanane.

"Na mbao ngapi?"

Nikasema mmoja.

"Ulipoona ubao ni mmoja, uliwafuta watoto sitini na saba?"

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba hakuna aliyecheka. Nilitaka kumjibu kwamba ubao hausajiliwi kwa jina la mtu, lakini jibu lilinijia saa nane, akiwa amekwisha kuondoka.

Sarah akasogea na kompyuta yake. Akasema zile dakika tano za Ijumaa alikuwa anachukua nakala ya akiba ya kanzidata nzima, kwa sababu hakuweza kunikatalia na hakuweza kuniamini. Akairudisha. Wote 917 wakarejea kabla chai ya wageni haijachemka. Wachanjaji wamekubali kurudi Usangu Jumamosi na dawa kamili.

Nakala kwa siri! Nyuma ya mgongo wangu! Mtu amenisimamia kwa adabu zote, kumbe moyoni ananiwekea wavu.

Jambo moja zaidi, na sitalisahau. Kabla wageni hawajaondoka, Sarah alihakiki mistari ya familia ile. Tarehe ya kuzaliwa ya Maganga ilikuwa tupu. Akamuuliza. Mzee akasema haikuandikwa popote. Alizaliwa mwaka wa njaa kubwa, wakati mtama unavunwa. Sarah akapiga hesabu ya miaka kwa vidole, akaandika tarehe mosi Januari 1949. Mtama hauvunwi Januari! Nimeona kwa macho yangu mtu akiandika uongo kwenye kanzidata, mchana, na hakuna aliyempigia simu.

Ijumaa, tarehe 20 Juni

Siku ya uamuzi. Nilivaa suti.

Asukile alituita wote wawili na Sarah. Hakupaza sauti. Alisimama, akaenda kwenye birika, akabandua jedwali langu ukutani. Akasoma namba ishirini na tatu kwa sauti, saa na yote. Na kama simu ni ya nyumba nzima?

"Mwalimu," akasema, "jibu la mtihani wako lilikuwa ukutani wiki nzima. Kwa mwandiko wako."

Nilitaja usawa wa mistari ya jedwali. Hakusikia.

Ajira ya Iringa amepewa Andendekisye. Ujumbe wake uliochelewa sasa unafika kwa wakati, kwa sababu alimuuliza mfugaji, na mfugaji akamwambia mtandao hupatikana jioni tu, ng'ombe wakirudi na watu wakipanda kilimani. Yaani alipewa jibu na mteja. Shuleni tuliita hilo kunakili.

Mimi nimeongezewa majaribio ya miezi mitatu. Nitakwenda Iringa pia, chini ya Andendekisye. Chini! Nitakuwa napita kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, naandika wanachosema, nauliza. Asukile amesema ujuzi wangu wa kuandika programu unatosha kwa mwanzo, lakini wa kuuliza haujaanza. Na ameweka sheria mpya: shikamoo ni moja, asubuhi, mtu anapoingia. Kwenye ukaguzi hakuna shikamoo, hakuna kusimama juu ya mtu, hakuna habari za mama wa mtu. Sarah alitazama sakafu, lakini niliona mabega yake yakishuka kama mtu aliyetua ndoo.

Nilidai tathmini yangu kwa maandishi, kama taratibu zinavyotaka. Nimepewa karatasi moja. Chini kabisa, kwa wino mwekundu: Ongeza bidii.

Hajasahau. Miaka yote hii. Kijana ana kinyongo.

Andendekisye alinisubiri kwenye ngazi, akachukua mkoba wangu, akasema atafurahi sana tukifanya kazi pamoja, na kwamba ana maswali mengi ya hisabati ambayo angependa nimsaidie. Nikamwambia aanze na moja. Ameanza na manne.

Jumatatu, tarehe 30 Juni

Iringa. Upepo huku juu mlimani unapita ndani ya koti la mazishi kana kwamba halipo. Ofisi ni chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri kule Ipogolo, malori yakifunga breki mlango unatetemeka. Nimefikia kwa mama mkwe, Kalista. Ananitendea kama askofu. Sipewi hata ndoo ya kubeba.

Wiki yangu ya kwanza nimefanya kama nilivyoagizwa. Nimepita kwa wafugaji, nimeuliza. Nina jedwali jipya, na safu ya Clement sasa ina maswali arobaini na mawili. Arobaini na mawili kwa wiki moja! Andendekisye ana thelathini na tisa. Asukile amepelekewa picha ya jedwali. Majibu sikuyaandika, kwa sababu hayakuombwa na yangevuruga safu.

Kwa hiyo naweza kusema kwa haki kwamba nimebadilika. Yaliyotokea Usangu hayatatokea tena. Simu sizigusi. Simu ni ya nyumba, nimeelewa, na yeyote atakayegusa simu atapambana na mimi.

Leo mchana, hata hivyo, nimefungua orodha ya Iringa upande wa tarehe za kuzaliwa. Wafugaji ni 1,260. Waliozaliwa tarehe mosi Januari ni 412.

Mia nne kumi na wawili! Siku moja! Nimepiga hesabu kwa kanuni za uwezekano, nikarudia mara mbili. Wangetakiwa kuwa watatu, au wanne mwaka wa mavuno mazuri. Na karibu wote ni wazee, watu wazima kabisa, wenye kusali, Walutheri kwa Wakatoliki. Kumbe ule uchafu niliouona Sarah akiuandika kwa Maganga umeenea mkoa hadi mkoa, na kampuni nzima imelala.

Programu ya usafi iko tayari. Ni ileile, nimebadilisha neno moja tu, simu kuwa tarehe, yaani siku na mwezi bila kujali mwaka. Jaribio limefaulu. Sarah yuko Mbeya, mbali na nakala zake. Ukaguzi ni wa Andendekisye, na sheria inaruhusu shikamoo moja, asubuhi, mtu anapoingia. Nitakuwa nimesimama mlangoni. Akiwa bado ameinamisha kichwa, nitamwonyesha kitufe.

Nimeikagua orodha kwa haki. Mstari wa kumi na saba ni wa Kalista mwenyewe, ng'ombe wawili, alizaliwa tarehe mosi Januari 1946. Nilimtazama kwa pembe ya jicho, kwa adabu inayompasa mkwe. Alikuwa ananiletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu, na kijiko cha sukari pembeni. Akaniambia chanjo ni Alhamisi, na kwamba yule ng'ombe wake mweusi amekuwa akikohoa, kwa hiyo anaingojea sana.

Ningeweza kumuuliza alizaliwa lini. Nilifikiria. Lakini jedwali la wiki nimekwisha kulifunga na kulipigia mstari.

Alfabeti itambakiza mtu anayeitwa Abeli. Sipendelei mtu. Nimemaliza maziwa, nimemshukuru mama mkwe kwa mikono miwili, na kesho saa mbili kamili asubuhi ataondoka kwenye orodha pamoja na wenzake.